Magadi ya Parmuat na Kipimo cha Amerika

Tangu nirudi, sijapita dukani, kanisani wala pale kwa fundi wa baiskeli bila mtu kunishika mkono na kuniuliza, "Muteti, si ulisema unaenda Nairobi kupimwa na kurudi jioni?" Ndiyo, nilisema. Niliondoka na shati moja na kitambaa cha mkononi, nikarudi siku ya sita nimevaa shati la shemeji yangu. Nimechoka kuhadithia vipande vipande. Halafu wale wa stoo ya shamba la maua kule Isinya, ambako nilikuwa karani kwa miaka kumi na mitatu, wamenitumia salamu za pole kwa sababu habari iliyowafikia ni kwamba nimelazwa. Basi nimeandika yote mara moja. Msomeane.

Mambo ya fomu, picha na barua sitayagusa. Aliyezijaza anazijua, na ambaye hajazijaza sitaki kumharibia chakula.

Mnajua mke wangu Mbithe ni nesi, na kwamba alikwenda Amerika miaka minne iliyopita na binti yetu Mwende, ambaye siku hizo alikuwa akilala na kiatu changu ili nisitoke bila yeye. Zamu yangu ya kuwafuata ilipofika, yalibaki mambo mawili: kupimwa na daktari anayekubaliwa na ubalozi, na mahojiano wiki mbili baadaye. Bila bahasha ya daktari hakuna mahojiano. Ukikosa mahojiano unarudi mwisho wa foleni, na sikupata mtu wa kuniambia foleni hiyo inaishia wapi. Mwende sasa ana miaka saba. Kwenye simu ananiita "Dad" kwa sauti ya puani, kwa adabu, kama ninyi mnavyomsalimia mgeni.

Shida yangu mnaijua kwa sababu mmeicheka: mimi ni mwembamba. Mshipi wangu wa ngozi una matundu matano ya kiwandani na manne niliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. Na miaka hii mtu mwembamba hutazamwa mara mbili. Ongeza kwamba mke wake yuko mbali, ongeza kwamba damu yake itapimwa ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kuinua mabega tu, uone mtaa mzima utakavyosubiri majibu. Nilijua mwenendo wangu. Lakini mtu akitazamwa sana huanza kujishuku.

Kajiado, mnadani

Safari ilianzia Kajiado kwa sababu ya Parmuat. Kwa wasiomjua, Parmuat ni dalali wa ng'ombe, rafiki yangu tangu alipokuwa akituletea samadi shambani Isinya na kunibishia kila mzigo nilipoandika kwamba nusu yake ni mchanga. Siku moja kabla ya kwenda Nairobi nilimfuata mnadani nimwombe anitazamie kuku wangu kwa siku moja. Nilimkuta akimuuza fahali mwekundu.

Bei ilipokubalika, Parmuat alifungua kamba shingoni mwa yule fahali, akaikunja taratibu, akaitia kwapani. Mnunuzi akabaki ameshika pembe, akitafuta kamba yake mwenyewe. Nimeona jambo hilo mara nyingi, lakini siku hiyo niliuliza.

"Ng'ombe ni yake sasa," Parmuat alisema. "Kamba ni yangu. Nikimpa na kamba, basi nimemfukuza. Sijamfukuza. Nimemuuza tu."

Kisha akanitazama, kuanzia viatu kwenda juu, kwa jicho lile lile alilomtazamia fahali.

"Wewe kesho ndiyo unapimwa?"

"Kesho."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi vipi?"

"Muteti, wacha nikuambie kama rafiki. Mimi nikiwa mnunuzi, siwezi kukununua."

Nikamwambia kwamba wale hawanunui, wanapima tu. Akacheka. "Nani anapima kitu hataki kununua?" alisema. Swali hilo, ndugu zangu, ninalo mpaka leo.

Akanieleza kazi yake. Ng'ombe wa mnada hulambishwa magadi jioni na hanyweshwi maji. Asubuhi, karibu na kufika, hupewa maji mpaka achoke mwenyewe. Akiingia uwanjani tumbo limejaa, mgongo umenyooka, na mnunuzi akimpiga kofi ubavuni husikia kitu kizito.

"Na baadaye?" niliuliza.

"Baadaye ni ya mnunuzi."

Mnisamehe, lakini wakati ule niliona ni elimu. Mtu mzima, karani, mwenye cheti cha uhasibu wa stoo, nilikwenda na Parmuat nyumbani kwake, nikaketi kwenye kigoda, nikalamba magadi. Si ya unga wa kulainishia mahindi na maharagwe ya githeri, la, yale ya jiwe, ya kijivu, ambayo mbuzi wake walikuwa wameshayazungusha ndimi upande mmoja. Mkewe alitupita na ndoo ya maziwa, akaniangalia, akaangalia jiwe, akamwuliza mumewe kitu kwa Kimaasai. Parmuat alijibu kwa neno moja. Mama yule aliingia ndani na nikamsikia akicheka peke yake kwa muda mrefu.

Kajiado hadi Mlolongo, pamoja na mbuzi

Tuliondoka alfajiri kwa lori lililopeleka mbuzi wa Parmuat machinjioni Nairobi. Dereva aliitwa Ndirangu, kijana wa Kiserian mwenye haraka. Nilikuwa na kiu ambayo sijawahi kuiona maishani. Parmuat alikuwa ameniwekea kibuyu cha maziwa na mtungi wa plastiki wa lita tano za maji, na alikataza nisiguse mpaka tupite Isinya.

"Saa hii ni mapema," alisema. "Itashuka yote kabla ya mizani."

Tulipopita Isinya akanipa ruhusa, nikanywa. Nilikunywa kama mtu anayezima moto. Tulipofika Kitengela, Parmuat alishuka kwenda kwa kuku wangu, ambao huwaita ndege na haelewi kwa nini mtu mzima anafuga ndege. Kabla ya kufunga mlango wa lori alivuta mshipi wangu kwa kidole. Ulikuwa umefika tundu la pili la kiwandani, tundu ambalo mimi na mshipi hatukuwa tumewahi kukutana nalo.

"Ona," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Umekuwa mtu." Akanifungia lile jiwe la magadi kwenye karatasi ya gazeti, ikiwa daktari atachelewa.

Baada ya Athi River maji yalianza kudai haki yao. Ndirangu alisimama mara ya kwanza bila neno. Mara ya pili akauliza kama mimi ni mgonjwa. Mara ya tatu akasema, "Mzee, hii lori si yako." Nikabana magoti, na hivyo ndivyo tulivyofika kwenye foleni ya mizani ya Mlolongo, nyuma ya malori ya saruji yasiyo na mwisho.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Kushuka sikuweza, kwa maana kila nilipofungua mlango foleni ilisogea hatua tatu na Ndirangu aliniita ndani. Zamu yetu ilipofika, lori likapanda kwenye bamba la chuma, na karani wa mizani akatoa kichwa dirishani.

"Hii gari haitulii," alisema. "Nambari inaruka. Kuna nini inacheza huko?"

"Ni mbuzi," Ndirangu alisema.

"Mbuzi ziko nyuma. Naona mbele ndiyo inacheza."

Wakanitazama wote wawili. Nilikuwa nikirukaruka kitini bila kujua. Karani akaniamuru nishuke, nami nikashuka kwa shukrani na kukimbilia nyuma ya kibanda. Niliporudi alikuwa ameshapima, na alinipungia mkono kwa heshima, akasema tofauti imeonekana. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha safari hii, na kilifanywa kwa tani.

Nairobi, mara ya kwanza

Ninyi mtakaokwenda baada yangu, kliniki yenyewe haitishi. Kuna ukumbi wenye viti vya plastiki, na watu waliovaa nguo zao za Krismasi. Mimi nilinukia mbuzi. Kiti cha kando yangu kilibaki wazi mpaka alipokuja mama mmoja mnene mwenye kiondo, akaketi bila kujali, akavuta pumzi na kusema, "Umetoka mnada gani?"

Aliitwa Mama Njoki, mfanyabiashara wa nafaka kutoka Ngong, naye alikuwa akienda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alikuwa ameambiwa foleni ni ndefu, basi amebeba mukimo, mayai na chupa mbili za chai. Kufikia saa nne alikuwa amelisha safu yetu yote. Mimi nilikataa chai kwa sababu ninazozijua.

Wanafanya hivi: wanakupima macho kwa herufi za ukutani, wanakupima urefu, halafu uzito. Nesi alisoma mizani na kuandika bila kushangaa, jambo lililonivunja moyo kidogo, maana nilitamani Parmuat angekuwepo. Kisha wanachukua damu. Kisha wanakupa kikombe kidogo na kukuonyesha choo. Nilikijaza kikombe nikiwa bado nina mengi ya kusema.

Baada ya hapo ni daktari. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kamba. Aliniita mzee, nami nina miaka arobaini na minane. Akanifunga mkono kwa ule mpira wa presha, akapuliza, akasikiliza, akafungua, akafunga mkono wa pili.

"Mzee, umekimbia kuja hapa?"

"Nimekaa tangu saa mbili, daktari."

"Uko na presha? Kuna dawa unatumia?"

"Hakuna."

Akachukua kile kikaratasi walichochovya kwenye mkojo wangu, akakilinganisha na rangi za kwenye chupa, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaniambia nivue soksi. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale, likitutazama. Akaandika mstari mmoja, halafu mwingine, halafu akaacha kalamu.

"Sitaki kukuogopesha," alisema, na mnajua kwamba mtu akianza hivyo umeshaogopa. "Figo zako hazinifurahishi. Hiyo picha ya kifua na chanjo tungoje kwanza. Rudi kesho kutwa tupime tena. Ikibaki hivi, siwezi kufunga bahasha."

Kuhusu magadi sikusema neno. Sikuficha kwa ujanja. Halikunijia kichwani kabisa kwamba ndiyo sababu. Yalikuwa chakula cha ng'ombe wazima, na mimi nilikuwa nimeambiwa figo.

Embakasi, kwa shemeji

Mtauliza kwa nini sikurudi Kitengela, na ni mwendo mfupi tu. Nitawajibu kwa unyofu: niliwaogopa ninyi. Nilikuwa nimetangaza kila mahali kwamba nitarudi jioni na majibu. Ningerudi bila majibu, mtaa ungenipangia ugonjwa kabla sijafungua kufuli. Nikamwambia Ndirangu, aliyenipitia na lori tupu, ampelekee Parmuat salamu kwamba nimechelewa kidogo, nikaenda Embakasi kwa Kioko, mdogo wake Mbithe, anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja.

Kioko alinipokea vizuri. Akapika ugali na mayai, akangoja nimalize, kisha akauliza, "Shemeji, wamekuambia nini?"

"Nirudi kesho kutwa."

"Lakini wamesema nini?"

"Wanataka kupima tena."

Usiku alinipa kitanda, akalala chini, na alikataa katakata tubadilishane. Asubuhi nilipata chai kwenye kikombe cha bati. Yeye alikunywa kwenye cha udongo. Mchana ikawa hivyo hivyo. Nilipogeuza kikombe changu kukiosha, nikaona chini yake amekipiga alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, ya duara.

Ndugu zangu, mambo mengine katika safari hii naweza kuyacheka. Hilo la kikombe lilinichukua muda. Kioko ni mtu mwema, hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaogopa kama wanavyoogopa wengine wote. Lakini nilikaa pale juu ya kitanda chake na kufikiri: nikifika Amerika nikiwa na alama hii, au nisipofika kabisa, Mwende ataambiwa nini? Nililia kidogo. Kioko alikuwa kazini, kwa hiyo hakuna aliyeona, na sijui kwa nini nawaambia.

Nikafanya nilichoona ni cha busara. Nilihisi tumbo limepungua, mshipi ulikuwa umerudi matundu mawili, nikaona labda daktari ameona udhaifu. Nikafungua karatasi ya gazeti ya Parmuat nikalamba magadi, jioni na alfajiri, kwa bidii. Nikanywa mtungi mzima.

Nairobi, mara ya pili

Mama Njoki alikuwepo. Yeye alirudishwa kwa sababu picha yake ya kwanza ilitoka na duara jeupe katikati ya kifua, na daktari alipomuita kwa wasiwasi ikaonekana ni noti na sarafu alizofunga kwenye kitambaa na kuzitia ndani ya sidiria, mahali pake pa siku zote. "Waliniambia nivue nguo," alinieleza, "hawakusema nivue benki."

Tuliketi. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta kitu cha kufanya kwa mkono. Nikatoa karatasi yangu, nikageukia ukutani, nikalamba.

"Ni nini hiyo?" Mama Njoki aliuliza.

"Dawa."

"Dawa ya nini? Leta nione." Akaichukua kabla sijakubali, akainusa, akagusa kwa ulimi. "Hii ni magadi. Mimi nauza magadi. Hii hata si ya githeri, hii ni ya mifugo."

"Ni ya kuongeza kilo."

"Kilo za nani?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini: Parmuat, fahali, maji baada ya Isinya. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, akafunga kiondo chake, akanishika mkono kama mama anayempeleka mtoto kwa mwalimu mkuu, na tukaingia kwa daktari kabla ya jina langu kuitwa.

"Daktari," alisema, "huyu baba wa watu anakula chakula ya ng'ombe." Akaweka jiwe juu ya meza na kutoka.

Daktari alilitazama jiwe. Akavua miwani. "Hii imelambwa na nani huku?" aliuliza, akionyesha upande mmoja.

"Huko ni mbuzi."

"Na huku?"

"Huku ni mimi."

Akainamisha kichwa mezani. Nilidhani amekasirika, mpaka nikaona mabega yanatikisika. Alipoinuka machozi yalikuwa yakimtoka. Akaniambia baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana ndiye aliyekuwa akipeleka magadi jioni na maji asubuhi, na ada ya shule ya wote nyumbani ilitoka kwenye matumbo hayo. Kisha akawa mkali.

"Sasa nisikize. Kwa mtu, hiyo chumvi inapandisha presha na kufurisha miguu. Ungeendelea, hizo figo ningekuandikia ni mbaya na ingekuwa kweli. Hapa hatununui kwa kilo, mzee. Ukiwa mwembamba na uko mzima, mimi naandika mwembamba na mzima. Nani alikuambia wanataka mnene?"

Sikumtaja Parmuat. Nilisema tu ni rafiki.

"Basi ni rafiki mzuri," alisema, "lakini asikutibu tena. Nenda ukae siku mbili na nusu. Chakula bila chumvi, maji ya kawaida, na hii inabaki kwangu." Akalitia jiwe kwenye droo.

Nairobi, mara ya tatu

Siku hizo mbili na nusu sina la kusimulia ila ugali usio na chumvi na njia ya kwenda chooni. Kioko aliendelea na kikombe chake, nami na changu. Siku ya mahojiano ilikuwa inakaribia, na usingizi ulikuwa unanikwepa.

Asubuhi ya siku ya sita mshipi ulirudi kwenye matundu ya msumari, kwenye la mwisho. Daktari alifunga mkono wangu, akapuliza, akasikiliza, akatabasamu. Akabonyeza mguu, na shimo likajaa mara moja. Wakanipeleka kupigwa picha ya kifua. Nivue shati na mshipi, kijana wa picha alisema, kwa sababu ya kifungo chake cha shaba. Suruali ikaanza safari yake yenyewe kwenda chini. Bahati nzuri aliniamuru niweke mikono kiunoni na viwiko mbele, basi kilichohitaji kushikwa kikashikwa. Nikabana pumzi mbele ya kile kibamba baridi. Halafu chanjo, mbili mkono mmoja na moja mwingine, na hizo ninyi mtakaokwenda mjue zinauma baadaye wala si pale pale.

Mwisho daktari akaniita, akafunga mlango, akafungua faili.

"Kifua ni safi," alisema. "Figo ziko sawa. Damu yako haina neno lolote, Bwana Muteti. Hata moja." Alisema hivyo polepole, na aliacha kuniita mzee. Nadhani alijua nilichokuwa nimebeba tangu siku ya kwanza, kwa sababu alisukuma boksi la karatasi laini kwangu kabla sijalihitaji. "Umepungua kilo nne tangu uje. Nimeandika mwembamba na mzima."

Akafunga bahasha mbele ya macho yangu, akaipiga muhuri kwenye mdomo. Usiifungue, aliniambia, nami sitaifungua.

Nilipitia Embakasi kuaga. Kioko alikuwa akinywa chai. Nikamwambia damu haina neno. Akatazama chini, akaniambia pole, nami nikasema si kitu. Kisha alinipa kikombe chake cha udongo, chenye chai nusu aliyokuwa akinywa, na tukakimaliza wawili. Shati nililovaa ni lake. Hakutaka nirudishe.

Kitengela

Nilishuka jioni na bahasha kifuani, chini ya shati, kama noti za Mama Njoki. Kabla sijafika langoni niliona jambo ambalo majirani mmeshaniambia kwa vicheko, lakini mimi nililiona peke yangu kwa mara ya kwanza. Parmuat alikuwa amesimama katikati ya uwanja ulio wazi nyuma ya nyumba yangu, mguu mmoja juu ya mwingine, ameegemea fimbo, na kuku wangu wote wametapakaa mbele yake kwenye nyasi. Alikuwa akiwatoa asubuhi na kuwarudisha jioni, siku zote sita. Hakuna hata mmoja aliyepotea. Walikuwa wembamba na wazima.

"Supa," nilimsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa." Akaangalia mshipi wangu kwanza. "Wamekukataa."

"Wamenikubali."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Nikamweleza habari ya magadi na daktari, kwa upole, nikijua atajisikia vibaya. Hakujisikia vibaya. Aliuliza tu kama jiwe lake litarudishwa. Halafu nikatoa bahasha nikamwonyesha. Hakuigusa. Aliutazama ule muhuri kwa jicho la mnadani, jicho la mtu anayeona bei imeshakubalika.

"Kwa hivyo unaenda."

"Bado mahojiano."

"Unaenda," alisema.

Na hapo ndipo nilipoelewa, ndugu zangu, na nilipaswa kuelewa tangu kule kwenye kigoda chake. Kwa miaka yote tuliyojuana Parmuat hakuwahi kunisaidia kubeba hata gunia moja la samadi. Mara moja tu alinitayarisha kwa mikono yake, kwa kila alichokijua, akaniwekea maziwa, akanihesabia maji, akafurahi nilipojaa, na kazi yote hiyo ilikuwa ya kunifanya niondoke. Hakuwa na rafiki mwingine wa kumbishia upande huu wa Isinya.

Tuliwarudisha kuku ndani, yeye akiwahesabu kwa Kimaasai. Alipofunga mlango wa banda alisimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Lete mshipi."

Sikuuliza wa nini. Niliufungua, wote, na matundu yake tisa, nikampa. Aliukunja taratibu kama anavyokunja kamba zake, akautia kwapani, akavuka uwanja kuelekea barabarani bila kugeuka. Nilisimama nikimtazama mpaka akapotea nyuma ya ua wa michongoma, mkono mmoja juu ya bahasha na wa pili umeshika suruali.